Uchumi Huohuo, Milango Tofauti: Safari ya Kutoka Malangali Hadi Mlimani

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu za sisi tuliokimbilia mjini huanza kuita. Anapiga mdogo wako aliyemaliza Rungwe, anapiga binamu wa Mafinga, anapiga mtoto wa jirani yenu wa zamani pale Forest, Mbeya. Swali ni lilelile: "Kaka, nataka kusoma uchumi. Niombe chuo gani?" Na jibu letu wengi ni lilelile: "Omba popote bwana, uchumi ni uchumi."

Leo naomba tuliangalie jibu hilo vizuri, kwa sababu linaumiza watu. Shahada ya uchumi ya chuo kimoja inaweza kukudai hesabu ambazo chuo cha pili hakizitaki. Kingine kitakupokea na kombi yako ya HGL, kingine hakitataka hata kuifungua bahasha. Ukishaingia ndani, huyu atakusomesha ekonometriki mpaka uote takwimu usiku, yule atakupeleka wilayani ukaandike mpango wa maendeleo wa kata. Wote wawili siku ya mahafali mtaitwa wachumi.

Tofauti hizo zina historia, na watu wa Iringa na Mbeya tumo ndani yake tangu mwanzo, mara nyingi tukiwa tumesimama nje ya mlango. Karibu tuifuate.

Enzi za kuchaguliwa cha kusoma

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha shule Malangali, katika Mufindi ya leo. Mkuu wake, Mwingereza W. Bryant Mumford, alikuwa na wazo lililosifiwa sana na wakubwa wa elimu wa enzi zile: kwamba mtoto wa Kiafrika afundishwe ndani ya mila za kabila lake, wazee wakiwepo, ngoma zikiwepo, ili shule isimkate na kwao. Wazo linasikika zuri. Lakini jiulize, shule ile ilikuwa inaandaa watu wa kazi gani? Watoto wa machifu wa kuja kutawala kwa niaba ya Mwingereza, makarani, walimu. Kupanga uchumi wa nchi haikuwa kazi ya mtu wa Malangali. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe.

Na wenyewe walikuwa na shule yao. Mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya Uhuru, ilifunguliwa palepale Iringa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St Michael's and St George's. Majengo ya maana, viwanja vya maana. Baada ya Uhuru ikageuka Mkwawa High School, jina la yule mtemi wa Wahehe aliyewatoa jasho Wajerumani. Mwaka 2005 majengo hayohayo yakawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbuka eneo hilo, tutalirudia.

Mtanganyika aliyetaka shahada enzi hizo alikuwa na njia mbili: avuke ziwa kwenda Makerere, au avuke bahari. Na hapa ndipo utaona kwamba masharti ya kusoma uchumi hayajawahi kuwa mamoja.

Mwangalie Mwalimu Nyerere. Alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada iitwayo MA. Vijana wa leo wakisikia MA wanadhani ni shahada ya pili. Kwa Waskoti MA ilikuwa shahada ya kwanza, na ilikuwa pana: Mwalimu alisoma uchumi wa siasa na historia ya uchumi, lakini pamoja navyo falsafa, fasihi ya Kiingereza, historia ya Uingereza na sheria ya katiba. Kwa masharti ya leo angeombwa cheti cha hesabu kwanza. Mtu aliyekuja kuandika Azimio la Arusha alijifunza uchumi ukiwa ndugu wa falsafa.

Makerere ilikuwa na utaratibu wake. Kuanzia mwaka 1949 chuo kile kilifunga uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa pale zikawa za London. Maana yake ni kwamba kijana wa Tukuyu aliyefika Kampala alisoma kwa muhtasari uliokubaliwa London, na cheti chake kikawa na jina la London. Makerere ndiyo iliyotutolea Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu ilipoanzishwa mwaka 1966, na Cleopa Msuya, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha na Waziri Mkuu.

Kilima cha mabishano

Chuo chetu wenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Waligawana fani za gharama kubwa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani na kitivo cha sanaa na sayansi ya jamii kikafunguliwa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Ofisi ya Utafiti wa Uchumi, ile ERB. Sasa mtu aliweza kusoma uchumi bila kuvuka mpaka.

Kwa kijana wa Nyanda za Juu bado ilikuwa safari. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilometa 800. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, na haikupita Iringa mjini. Mtu wa Iringa aliendelea kushuka Kitonga kwa basi huku akisali.

Lakini huko Mlimani swali kubwa lilikuwa jingine: mchumi wa nchi maskini lazima asome nini?

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Mwalimu alikasirika, akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Machi mwaka huohuo ukafanyika mkutano pale chuoni wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Hoja ilikuwa kwamba haiwezekani nchi itangaze Ujamaa halafu wachumi wake wasomeshwe kana kwamba wataenda kufanya kazi katika benki za London.

Matokeo yake ni lile somo ambalo kila aliyepita chuo cha umma nchi hii analijua, ameshalilalamikia, na pengine ameshapatia sapu: Masomo ya Maendeleo, DS. Lilianza kama somo la pamoja la wanafunzi wote, uwe mchumi, mwanasheria au mwanasayansi, na mwaka 1973 likapata taasisi yake pale Mlimani. Miaka hiyo ndipo alipokuwepo Walter Rodney. Ndipo alipofundisha Tamás Szentes, mchumi wa Kihangari aliyeandika kitabu kizima juu ya uchumi wa siasa wa nchi zisizoendelea. Ndipo Justinian Rweyemamu, Mtanzania aliyesomea udaktari wa falsafa Harvard, alipochapisha mwaka 1973 kitabu chake juu ya viwanda na udumavu wa maendeleo Tanzania. Mwanafunzi wa uchumi wa Mlimani wa enzi hizo alidaiwa kujua ubepari umeifanya nini Afrika kabla hajachora mstari wa mahitaji na ugavi.

Halafu Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Hili linasahaulika, na wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote tu. Kumbe lilibadilisha pia mlango wa chuo kikuu. Kufaulu kidato cha sita hakukutosha tena. Ulitakiwa kwenda jeshini, kisha ufanye kazi, kisha mwajiri wako na chama wakuandikie kwamba wewe ni mtu mwenye mwenendo mzuri. Ndipo chuo kikupokee. Yaani sharti la kusoma uchumi lilikuwa ni kuwa umeshaujua uchumi kwa mikono yako, kiwandani au ofisini.

Tuwe wakweli, lilikuwa na mantiki. Mtu aliyefanya kazi miaka miwili katika chama cha ushirika cha kahawa huko Rungwe alikuwa na maswali ambayo mtoto aliyetoka darasani moja kwa moja hakuwa nayo. Lakini pia liliwaumiza wengi, hasa wasichana, ambao idadi yao ilipungua kwa sababu miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa. Baada ya muda mfupi wasichana wakaondolewa kwenye sharti hilo, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likalegezwa kwa wote. Funzo lake ni kwamba masharti ya kujiunga hayajashuka kutoka mbinguni. Ni maamuzi ya watu, ya wakati fulani, juu ya nani anafaa kuitwa msomi.

Hesabu zinarudi na nguvu zake

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilibanwa. Vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, mashirika ya umma kula hasara. Mwaka 1979 Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka saba baadaye, 1986, serikali ya Mzee Mwinyi ikatia saini na shirika hilohilo. Shilingi ikashushwa thamani, maduka yakajaa, ada zikarudi.

Mabadiliko yale yaligusa pia darasa la uchumi. Swali la enzi ya Rodney lilikuwa "kwa nini sisi ni maskini?" Swali la enzi mpya likawa "nakisi ya bajeti ni asilimia ngapi ya pato la taifa, na ukiipunguza mfumuko wa bei utashuka kwa kiasi gani?" Swali la pili hulijibu bila hesabu na takwimu. Wachumi walioheshimika sasa ni wale waliokwenda Marekani wakarudi na ekonometriki: Ibrahim Lipumba, aliyepata udaktari wake Stanford mwaka 1983 na baadaye kuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi, Benno Ndulu, aliyesomea Northwestern na kuja kuwa gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Kabla ya Ndulu gavana alikuwa Daudi Ballali, mtoto wa Iringa, naye pia aliyesomea uchumi Marekani.

Mwaka 1988 ikaanzishwa Nairobi taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, na kuanzia 1993 ikaendesha na vyuo kadhaa vya Afrika, Dar es Salaam kikiwemo, mpango wa pamoja wa shahada ya pili ya uchumi. Masomo yake ya lazima yalijulikana: uchumi mdogo, uchumi mkubwa, na mbinu za kihesabu. Hapo ndipo pana siri ambayo mtoto wa kidato cha nne kule Makete haambiwi. Shahada ya pili ikishadai hesabu, shahada ya kwanza inayojiheshimu nayo italazimika kuzidai. Shahada ya kwanza ikizidai, kidato cha tano kinapaswa kuzitoa. Na kidato cha tano kinategemea kilichotokea kidato cha pili, siku mwalimu wa hesabu alipohama na nafasi yake ikakaa wazi mwaka mzima.

Vyuo vingine, uchumi mwingine

Wakati Mlimani ikibishana na Karl Marx na baadaye na hesabu, kulikuwa na uchumi wa aina nyingine ukisomeshwa chini ya milima ya Uluguru.

Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwanoa watawala wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kile wazee wetu wanachokiita IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu kamili. Uchumi wake umebeba alama ya kuzaliwa hiyo. Hata majina ya shahada zake yanakuambia: uchumi wa sera na mipango, uchumi wa idadi ya watu na maendeleo. Ni uchumi wa afisa mipango wa wilaya, mtu anayepaswa kujua bajeti ya halmashauri inatengenezwaje na kwa nini zahanati ya kijiji haijaisha.

Sokoine, SUA, ilitoka kwenye kitivo cha kilimo cha Mlimani kilichokuwa Morogoro na ikawa chuo kikuu mwaka 1984. Kwao uchumi ni wa kilimo na biashara yake. Kwa watu wa kwetu huu ndio uchumi tunaouishi. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo ile mikoa minne iliyopewa sifa ya kulisha nchi mahindi. Kwa nini gunia la viazi la Isyonje na debe la mahindi la Ismani vinabadilika bei mara tatu kabla ya kufika Kariakoo? Hilo ni swali la mchumi wa kilimo, na mlango wake hauko sawa na ule wa Mlimani: huko Biolojia, Kemia na Jiografia zinaweza kukufaa.

Nyumbani kwetu vyuo vikuu vilichelewa. Sheria ya kuruhusu vyuo vikuu vya binafsi na baraza la kuvikagua vilikuja mwaka 1995, lakini Walutheri walikuwa wameshaanza Iringa mwaka 1994. Chuo chao kikawa sehemu ya Tumaini, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Iringa. Mwaka 2005 Wakatoliki wakafungua Ruaha, leo Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha. Mwaka huohuo ndipo Mkwawa ikageuka chuo kikuu kishiriki: mahali palipojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu pakawa mahali pa kuandaa walimu wa nchi nzima. Mbeya wakaja Wamoravian na Teofilo Kisanji, Mzumbe wakafungua kampasi, na chuo cha ufundi cha Mbeya kikapanda ngazi hadi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012.

Ukiangalia vyuo hivi vilianza na nini utaona: theolojia, sheria, ualimu, uandishi wa habari, biashara, ufundi. Uchumi kama fani inayosimama kwa miguu yake haukuwa wa kwanza kupanda Kitonga. Kwa wengi wetu uliingia kupitia mlango wa biashara, kama masomo mawili au matatu ndani ya shahada ya utawala wa biashara. Hiyo nayo ni elimu nzuri. Lakini aliyesoma uchumi mdogo na uchumi mkubwa muhula mmoja mmoja, na aliyekaa nao miaka mitatu pamoja na ekonometriki, hawatagonga mlango wa shahada ya pili kwa uzito uleule.

Masharti ya leo, na mtego wake

Sasa tuje kwenye karatasi. Tangu mwaka 2005 msimamizi wa vyuo vikuu ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Masharti yako katika ngazi mbili, na watoto wengi wanasoma ngazi moja tu.

Ngazi ya kwanza ni kiwango cha chini cha taifa. Kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016, ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya alama 4.0, kwa mfano D mbili, kila D ikiwa na alama 2. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, kwa sababu ya ule mfumo wa GPA ulioletwa ukaondolewa Januari 2016: kwao ni C yenye alama 2, na D ina alama 1. Watoto wa nyumba moja waliopishana mwaka mmoja wana herufi zisizolingana! Aliyepitia stashahada anatakiwa awe na wastani usiopungua B, na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Ngazi ya pili ni masharti ya programu yenyewe, na hapa ndipo uchumi unapogawanyika. Ukifungua kitabu cha udahili cha TCU utaona kila chuo kimeorodhesha masomo inayoyakubali. Programu moja inataka Uchumi au Hisabati iwe mojawapo ya masomo yako mawili. Nyingine inapokea Historia, Jiografia, hata Kiswahili, ila inaongeza mstari mmoja mwishoni: kama huna Hisabati ya juu, uwe na ufaulu wa BAM, zile hesabu za ziada za kidato cha sita, au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Mstari huo mmoja umefuta ndoto nyingi kuliko masharti mengine yote.

Hebu tufanye hesabu ya kombi. Wa EGM anasoma Hisabati ya juu, milango karibu yote ya uchumi iko wazi kwake. Wa HGE na ECA wanasoma uchumi na wanafanya BAM, wako salama wakiifaulu. Wakiidharau kwa kuwa "siyo somo la kombi", wanajifungia. Wa HGL na HKL hawana BAM kabisa. Kilichobaki mkononi mwao ni Hisabati ya kidato cha nne, na huko hali tunaijua: kwa miaka mingi anayefaulu amekuwa mmoja kati ya watano, na mwaka 2023 ndipo tukafika kama mmoja kati ya wanne.

Ndani ya chuo nako nchi imejaribu kusawazisha. Shahada ya miaka mitatu inahesabiwa krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Lakini krediti ni kipimo cha muda wa kusoma tu. Ni kama debe: unaweza kujaza mahindi, unaweza kujaza pumba, debe litabaki debe.

Na tusidhani ni sisi tu. Wakenya walipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 waliondoa kidato cha tano na sita, ndiyo maana shahada zao ni za miaka minne. Makerere wanapima masomo kwa uzito: la lazima linazidishwa kwa tatu, linalohusiana kwa mbili, hivyo A ya somo lisilohusika inaweza kushindwa na C ya Hisabati. Marekani mwanafunzi anaingia bila hata kutaja fani, anasoma ya kila aina kwanza, halafu ndipo anajitangaza kuwa mchumi. Mfumo huo ungempa wa HKL nafasi ya pili. Wetu unamtaka aamue akiwa na miaka 17, na mara nyingi anayeamua ni orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano.

Kwa hiyo?

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano. Ni nyingi kuliko zamani, na si jambo baya. Ila tahasusi 65 kwenye karatasi hazimsaidii mtoto ambaye shule yake ina mbili, wala ambaye hakuna aliyemwambia kila moja inaelekea wapi. Mtoto wa shule kubwa ya Dar ana mwalimu wa ushauri, ana kaka aliyeko Mlimani, ana intaneti. Mtoto wa kata ya ndani Ludewa ana wewe.

Mimi siamini kwamba vyuo vyote vinapaswa kuwa na masharti mamoja. Nchi inahitaji mchumi wa Benki Kuu anayetembea na hesabu, inahitaji afisa mipango wa Mzumbe, inahitaji mchumi wa kilimo atakayetwambia kwa nini mkulima wa mahindi anapata hasara mwaka wa mavuno mengi. Tofauti zina kazi yake. Kinachouma ni tofauti zinazofichwa, mtoto akaja kuzigundua siku mlango umeshafungwa, wakati uamuzi uliomfungia ulifanyika miaka minne nyuma bila yeye kujua kuwa ni uamuzi.

Kwa hiyo simu ikiita msimu huu, usiseme "uchumi ni uchumi". Muulize maswali manne. Hisabati ya kidato cha nne ulipata nini? BAM je? Unataka kukaa na namba, na watu wa halmashauri, au na wakulima? Na una nia ya kuendelea na shahada ya pili? Kisha mfungulie kitabu cha TCU cha mwaka huohuo, kwa kuwa masharti hubadilika, umsomee mpaka ule mstari wa mwisho.

Na kama yuko kidato cha pili bado, usingoje akupigie. Mpigie wewe. Mwulize kama shule yao ina mwalimu wa hesabu.

Kazi kwenu. Tuko pamoja.